Karakana ya Minong'ono

Kaka yangu ni fundi makochi, na kwa miaka tisa aliendesha karakana ambamo hata nzi aliingia kwa adabu. Sitii chumvi. Nyundo zake zote zilivalishwa sponji na kufungwa raba. Cherehani ya wifi yangu ilikalia kipande cha godoro. Mteja akibisha hodi kwa sauti ya kawaida, watu watatu walimgeukia kwa pamoja, kila mmoja na kidole mdomoni. Baada ya dakika mbili ungemkuta mteja mwenyewe ananong'ona kuhusu kochi la watu watatu kana kwamba anapanga kuvunja benki. Mama mmoja alitoa pole kabla ya kuuliza chochote, akidhani mna msiba ndani. Askari wa mtaa naye alikuja mara mbili kukagua mbao, maana kwa akili yake mtu anayeuza makochi kimyakimya namna ile lazima ameyaiba.

Mimi ni dada yake wa tumbo moja. Kanitangulia miaka miwili tu, ingawa ukimsikiliza utadhani ni ishirini. Duka langu la sufuria limepakana na karakana yake, ukuta mmoja, na sauti niliyopewa na Mungu ni ile ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili akaitika. Sasa fikiria mwenyewe. Sufuria, vifuniko, mabeseni ya bati na mimi, vyote jirani na mtu asiyetaka kusikia kijiko kikianguka. Aliniletea zulia nitandike dukani kwangu mwenyewe, ili vitu vikidondoka visilie. Nilinuna wiki nzima, kisha nikalitandika, kwa sababu lilikuwa zulia zuri.

Aliyeteseka kuliko wote ni Seremala, yule anayetengeneza fremu. Masikio yake yaliharibiwa zamani na msumeno wa umeme, kwa hiyo kumnong'oneza ni kazi bure. Wakaamua kuwasiliana kwa chaki. Kaka anaandika juu ya ubao, Seremala anasoma, anajibu hapohapo, kisha ubao unaingia ndani ya kochi na kitambaa kinapigwa juu yake. Katika mji huu kuna watu wazima, wengine wana vyeo vyao, wamekalia makochi ambayo ndani yameandikwa CHAI TAYARI na UNAKOHOA SANA.

Yote hayo yalifanywa kwa ajili ya Kilo.

Kilo ni binti wa kaka yangu, mtoto wake pekee. Alizaliwa wiki ya ishirini na nane, akiwa na kilo moja na gramu arobaini. Hizo gramu arobaini kaka hazisahau kamwe, asije mtu akampunja mwanawe. Wifi alikuwa wodi nyingine, presha imempanda, hajijui hajitambui. Kwa hiyo aliyevuliwa shati ni kaka. Wakamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, wakawafunga kwa shuka na kumwambia akae hivyo. Mtu ambaye hakuwahi kutulia kwenye kiti dakika kumi, pamoja na kwamba anatengeneza viti, alikaa wiki saba.

Wodi ile ilikuwa na nesi mmoja mfupi, mkali kama pilipili. Sheria zake zilikuwa tatu: mikono isafishwe, mlango usibamizwe, sauti iwe chini. Alieleza kwamba watoto njiti, yaani hawa waliowahi kutoka, walipaswa kuwa bado tumboni, na tumboni hakuna makelele. Kaka alimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja. Siku ya kuruhusiwa, nesi alimkagua Kilo mara ya mwisho, akaridhika, akamwambia kaka waendelee hivihivi nyumbani.

Hakusema mpaka lini, na kaka hakuuliza.

Basi ndivyo tulivyoishi. Kilo alipofika miaka mitano alikuwa anakimbia kama kawaida, na baba yake bado anafungua makopo ya gundi akiwa amebana pumzi. Akafika miaka tisa, anasoma kila kitu, hata mifupa ya makochi, na anajua kuiga mikogo yangu nikigombana na wauzaji wa jumla hadi wifi analia kwa kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yanaruka. Ni mtoto mcheshi. Nataka mjue hivyo kwanza, kwa sababu shuleni hawakuwahi kumwona Kilo huyu.

Shuleni walimwona mtoto anayetapika. Kila asubuhi tumbo linamuuma. Kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu ameshamuuliza mama yake maswali kumi na moja: je, mwalimu akiniita mbele, je, paa likianguka, je, mkisahau kuja kunichukua. Akifika darasani, wale watoto sabini wakianza kuongea, anajikunja. Na kengele ya shule yao ni rimu ya lori iliyoning'inizwa, mlinzi anaigonga kwa nondo, ukiwa karibu meno yanatetema. Ikilia tu, Kilo anatoka mbio hadi nyumbani. Shule na karakana ni mwendo wa dakika tano; yeye alitumia mbili.

Tulijua pa kumtafuta. Alikuwa anaingia ndani ya fremu ya kochi ambayo haijavalishwa, anajilaza kati ya springi, kimya. Siku moja Seremala alishaanza kupiga misumari ya kitambaa akiwa na Kilo ndani. Mtoto alipiga chafya. Seremala hakusikia, akaendelea. Wifi ndiye aliyesikia, akaruka juu ya meza ya kukatia, na hata siku hiyo, naapa, hakupiga kelele. Alimtikisa Seremala bega na kumwandikia kwenye mbao: MTOTO YUMO.

Tulicheka siku nzima. Jioni nilipokuwa nafunga duka, Kilo akaja kukaa juu ya beseni lililopinduliwa, na nikamuuliza huwa anakimbia nini.

"Shangazi," akasema, "kichwa changu kinaniambia kuna kitu kibaya kinakuja. Nikikiuliza ni kitu gani, hakijui."

 Iliniuma. Iliniuma zaidi kwa sababu mwezi uliotangulia mimi ndiye niliyeshauri kwamba mtoto huyu asidekezwe tena, akemewe kidogo atanyooka, na siku moja nikamkemea kweli, kwa ile sauti ya mtaa wa pili. Alitetemeka saa nzima. Hilo nalibeba mpaka leo.

Mwalimu wake alimwandika kwenye ripoti kuwa ni mkaidi. Majirani walisema watoto wa miezi saba ndivyo walivyo, hawakomai. Kisha mwalimu mkuu akamwita kaka ofisini na kumweleza kwa upole, lakini bila kupinda. Mwisho wa muhula kuna mtihani wa kupanda darasa, karatasi tatu, siku moja, ukumbini na wenzake wote. Kilo akikaa mpaka mwisho, anapanda. Akikimbia tena, wazazi watafute shule nyingine inayomfaa, kwa sababu hii haimwezi. Shule nyingine iliyo karibu ni mwendo wa mabasi mawili, na ukweli ni kwamba hakuna aliyejua kama ingemfaa. Kaka alirudi akaandika kwenye ubao, WANATAKA KUMFUKUZA, akakaa chini. Ubao huo Seremala alikataa kuutumia. Aliuchoma.

Wifi ndiye aliyepata habari za mshauri wa watoto, mama mmoja anayekuja kliniki ya hospitali kila Alhamisi. Tukaenda wanne: kaka, wifi, Kilo na mimi. Mimi nilichukuliwa kama kipaza sauti. Ilikuwa akili nzuri, kwani mshauri alipowauliza habari zao, kaka na wifi walijibu kwa namna yao, na yule mama akasogeza kiti, akasogeza tena, mwishowe akawauliza kama wote wawili wameumwa koo. Nikamweleza kwamba hapana, hiyo ndiyo sauti ya ukoo. Nikaeleza nyundo, zulia, chaki, Seremala, yote. Mshauri alianza kuandika, kisha akaweka kalamu chini na kuziba uso kwa faili. Mabega yalikuwa yanacheza.

Alipopata nguvu alimuuliza kaka nani alimwambia anong'one. Kaka akajibu, nesi. Lini? Miaka tisa iliyopita.

"Baba Kilo," mshauri akasema, "ruhusa umepata. Mtoto ameshatoka tumboni."

Basi hapo tulicheka sote, hata Kilo, na kaka akawa anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeamshwa ghafla kwenye basi. Mshauri akamhurumia. Alimweleza kwamba kunong'ona hakukumtia mtoto woga. Baadhi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, si wote, wakifika umri wa shule husumbuliwa na wasiwasi kuliko wenzao, au hushindwa kutulia, au huona tabu kuwa na wengine. Si ukaidi, si laana, si kosa la mama wala la baba. Ni hali inayotibika kwa mazoezi, na mapema ni bora. Lakini mtoto mwenye woga akilindwa na kila kinachomtisha, alisema, hapati nafasi ya kugundua kwamba anaweza kukipita. Wifi alipangusa macho. Miaka tisa alikuwa anajiuliza alikosea nini mimba ikiwa changa, na hakuwahi kumwambia mtu.

Tukapewa mazoezi. Ngazi ya kelele, ndivyo mshauri alivyoiita: kelele ndogo kwanza, kubwa baadaye, na Kilo mwenyewe ndiye anayepanga na kutoa amri. Kabla ya kila moja anataja woga wake ni ngapi kati ya kumi. Anapumua polepole, kama anayepoza chai. Kelele ikipigwa anabaki palepale mpaka namba ishuke. Na sharti kubwa kuliko yote: hakuna mtu wa kumbeba na kumtoa. Akitaka kutoka atatoka kwa miguu yake. Mshauri akamgeukia kaka na kumuuliza, yeye baba, woga wake ni ngapi kati ya kumi.

"Kumi na moja," kaka akanong'ona.

Jamani, wiki zile sita! Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nianze kufanya biashara. Kelele ya kwanza ilikuwa nyundo bila sponji, mara tatu. Kilo aliishika mwenyewe, akatangaza saba, akapoza chai, akagonga. Akangoja. Sita. Nne. Tatu. Seremala, aliyekuwa ameinama mbali, alisimama wima na kushika mbao kwa viganja. Alikuwa ameihisi nyundo ikipita kwenye benchi, kitu alichokosa tangu aajiriwe, na machozi yakamlengalenga.

Kelele ya pili ilikuwa yangu. Kifuniko cha sufuria, saizi ya kati, saa nne kamili, baada ya Kilo kuinua mkono. Nilikunja zulia. Nilichagua kifuniko kwa muda mrefu kuliko nilivyochagua mume. Kilipoanguka, Kilo alisema "nane", kisha "sita", kisha akauliza kama nina kikubwa zaidi. Kama nina kikubwa zaidi! Kufikia Ijumaa tulikuwa tumefika beseni la kufulia. Wiki ya tatu wifi alicheka kwa sauti, na tukagundua kwamba kicheko chake kina filimbi mwishoni, kitu ambacho hata mumewe hakukijua. Wateja waliozoea kunong'ona walipata shida. Mmoja alisimama mlangoni, akasikia nyundo, mabeseni na filimbi, akarudi nyuma kusoma kibao cha nje kama amepotea.

Si kila siku ilikuwa tamu. Zilikuwepo siku Kilo alisema kumi na namba ikakataa kushuka, akatoka kwa miguu yake, akaingia ndani ya fremu. Tulimwacha. Kesho yake tulianza kelele moja chini. Mshauri alikuwa ametuonya kwamba itakuwa hivyo, na kwamba hofu haitahama nyumba moja kwa moja. Tunachotafuta ni mtoto ajue la kufanya ikipiga hodi.

Jumamosi ya wiki ya tano tulikwenda shuleni kukiwa kutupu. Mlinzi alimkabidhi Kilo nondo. Woga wake ulikuwa tisa. Aliitazama ile rimu muda mrefu, akainua mikono miwili, akaigonga. Kisha akaigonga tena. Aligonga mpaka mlinzi akamwomba basi, majirani watadhani kuna moto.

Aliyefeli mazoezi ni kaka. Kila kelele alikuwa anafumba macho na kushika kifua, palepale alipolazwa mtoto zamani. Kijasho chembamba. Mara mbili alivunja sharti na kumnyakua Kilo kabla namba haijashuka, na mara zote mbili mshauri alimwambia bila kuzunguka kwamba yeye ndiye mgonjwa wake wa pili. Siku ya mtihani akaamriwa abaki karakana. Akakubali. Akaapa.

Saa tatu asubuhi nilimkuta nyuma ya tangi la maji la shule, amechuchumaa, gundi kwenye nywele. Na mimi nilikuwa naenda nyuma ya tangi hilohilo, kwa hiyo sikuwa na la kumwambia. Tuliweza kuona dirisha la ukumbi, na kupitia hapo tukamwona Kilo, mstari wa tatu, sare imemzidi kidogo.

Kengele ya kwanza ikalia. Alishika dawati kwa mikono miwili. Tukamwona anapoza chai. Hakuinuka. Karatasi ya kwanza ikapita, kaka amenishika mkono hadi vidole vyangu vimekufa ganzi. Katikati ya karatasi ya pili upepo ukaja, ukaubamiza mlango wa chuma wa ukumbi. Hata mimi niliruka. Watoto wakapiga mayowe, penseli zikadondoka, na Kilo akalaza kichwa juu ya dawati na kujifunika kwa mikono.

Nikageuka kumshika kaka. Hakuwepo. Alishafika kwenye ngazi za ukumbi. Nikamfuata, nikafika mlangoni wakati anakata katikati ya mistari ya watoto mia na zaidi, msimamizi amepigwa butwaa, gundi yake kichwani, mikono imeshanyooshwa. Nikaona mtihani wote umekwenda na maji, na shule nayo. Akainama kwa mtoto na kumnong'oneza, "Twende nyumbani."

Kilo akainua kichwa. Alikuwa amelia, lakini hakuwa analia tena.

"Baba, nenda nje!" akasema, na neno "akasema" halitoshi, kwa sababu madirisha yaliitikia. "Sijamaliza!"

 Msimamizi akamtazama baba, akamtazama binti, akijaribu kuamua nani hasa amevunja kanuni za mtihani. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amekaa jukwaani, hakuhitaji kufikiri. Alimnyooshea kaka kidole, kisha mlango. Kaka akatoka kinyumenyume, akiomba radhi kwa kila dawati alilogonga. Kilo akaokota penseli yake.

Nje kaka akakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani. Nikakaa karibu naye nikiwa na maneno makali tayari mdomoni, maana ningeweza kumrarua. Nikamtazama. Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka hadi shingoni, anacheka kwa sauti, na nikakumbuka kwamba kaka yangu ana sauti nene, nzuri, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka tisa.

"Dada, umesikia?" akaniuliza. "Umesikia mapafu yake?"

Nilimwambia hata watu wa mtaa wa pili wamesikia. Kisha nikamwambia ashushe sauti, watoto wanafanya mtihani. Tukakaa palepale chini, yeye na mimi, mpaka Kilo alipomaliza.